Leparua Katika Hesabu ya Maradhi

Mwenye kutaka kubashiri mwendo wa maradhi ya kuambukiza hukabiliwa na viumbe wawili wasiofanana hata kidogo: kimelea, ambacho hakina hiari wala khofu wala habari za jirani, na mwanadamu, ambaye anazo zote tatu. Huyo wa kwanza ametiishwa na hesabu tangu zamani, na tabibu aweza leo kueleza, kwa usahihi wa kuridhisha, ni siku ngapi surua hujificha mwilini kabla ya vipele kutoka, na ni watoto wangapi wasiochanjwa watakaoambukizwa na mtoto mmoja. Huyo wa pili hajatiishwa. Husikia tangazo akalitii, au akalicheka. Hujifungia nyumbani leo na kutoka kesho kwa sababu unga umekwisha. Humzika maiti kwa desturi ya wazee wake ilhali ameonywa, kisha siku nyingine, bila ya kuonywa na mtu, huiacha desturi hiyo. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni, hususan baada ya mwaka 2020, wanafunzi wengi wa shahada ya uzamivu, Ulaya na Marekani na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, wamelielekea jambo hili moja: kuifundisha mashine tabia za watu wakati wa maradhi, ili modeli ya ugonjwa isimhesabu mwanadamu kana kwamba hana akili.

Nataka kuipima kazi hiyo kutoka Leparua. Ni nyika iliyo magharibi ya mji wa Isiolo, inayopakana na hifadhi ya Lewa na ile ya Il Ngwesi, ambako wenyeji wameunda hifadhi yao ya jumuiya na ambako maisha hutegemea mbuzi, ng'ombe na ngamia kuliko kitu kingine chochote. Kaunti yote ya Isiolo ina ardhi ya zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu humo watu 268,002, Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali, Wameru na wengineo. Sikuichagua Leparua kwa kuwa ni mbali, maana umbali ni jambo la anayesimama Nairobi; nimeichagua kwa kuwa elimu yoyote ya tabia za watu hujulikana uzito wake pale inapowafikia watu ambao haikuundwa kwa mfano wao.

Asili ya hesabu hizi yafaa itajwe kwa ufupi. Ronald Ross, aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu na akatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1902, ndiye aliyeng'ang'ania kwamba mwendo wa malaria waweza kuandikwa kwa milinganyo. Na mwaka 1927 William Kermack, mwanakemia aliyekuwa amepofuka kwa ajali ya maabara, pamoja na Anderson McKendrick, daktari wa jeshi aliyepata kutumika India, waliandika milinganyo inayotumika hadi leo, ambayo huwagawa watu mafungu matatu: waliomo hatarini, wanaougua, na waliokwisha kupona au kufa. Katika hesabu ile watu hukutana kama chembe za hewa ndani ya chupa, kila chembe ikigongana na nyenzake kwa kadiri isiyobadilika, asubuhi na jioni, sokoni na msikitini, kabla ya tangazo la serikali na baada yake. Wenyewe walijua kuwa dhana hiyo ni ya kurahisisha. Waliowafuata ndio walioizoea hata wakasahau kuwa ni dhana.

Taksiri ya usahaulifu huo ilionekana wazi mwaka 2014. Mwezi wa Septemba wa mwaka huo, Ebola ilipokuwa imeshika Afrika ya Magharibi, wataalamu wa kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti maradhi walikadiria kwamba, pasipo juhudi mpya wala mabadiliko katika mwenendo wa watu, wagonjwa wa Liberia na Sierra Leone wangefika milioni 1.4 kufikia tarehe 20 Januari 2015. Mlipuko ulipokwisha, hesabu ya nchi zote ilikuwa kama wagonjwa 28,600, na waliokufa wapatao 11,300. Misaada ilifika, kweli. Lakini fauka ya misaada, watu wenyewe waliacha kuwaosha maiti kwa mikono mitupu, wakawatenga wagonjwa wao, wakaweka ndoo za maji ya klorini milangoni. Vivyo hivyo tarehe 16 Machi 2020 wataalamu wa Imperial College ya London, wakiongozwa na Neil Ferguson, walitoa hesabu iliyosema kwamba Uingereza ingepoteza watu 510,000 na Marekani milioni 2.2, lau serikali zisingefanya lolote na lau watu wasingebadili mwenendo kwa hiari zao. Sharti hilo la pili liliandikwa bayana katika taarifa, na magazeti takriban yote yakaliruka. Siwalaumu wenye hesabu. Lakini ikiwa sharti hilo haliwezi kutimia hata siku moja, kwa kuwa hakuna mji duniani ambao watu wake hutazama majeneza yakipita na wasibadilike, basi thamani ya bashiri yenyewe huwa ni ya kutisha zaidi kuliko ya kuongoza.

Majaribio ya kumtia mwanadamu katika hesabu yalianza kabla ya mashine hizi. Mwaka 2004 Chris Bauch na David Earn walitumia nadharia ya michezo kuonyesha kwamba mzazi mwenye akili timamu, akiona wenzake wote wamechanja, aweza kuona faida ya kutomchanja wake. Mwaka 2008 Joshua Epstein na wenzake waliandika juu ya khofu kama ugonjwa wa pili unaoambukizana pamoja na ule wa kwanza. Wengine waliona ni afadhali kuwauliza watu kuliko kuwakisia, na wakawapa daftari za kuandika kila waliyekutana naye kwa siku. Uchunguzi mkubwa wa namna hiyo katika nchi 8 za Ulaya, uliotangazwa mwaka 2008, uliwapata watu 7,290 na wastani wa makutano 13.4 kwa siku. Na huku kwetu Kilifi, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wa Wellcome Trust walifanya uchunguzi kama huo, wakautangaza mwaka 2014, wakapata wastani wa 17.7. Kazi ya Kilifi naihesabu kuwa miongoni mwa kazi za heshima kubwa katika fani hii, maana iliwaendea watu wa vijijini, wasomi na wasiosoma, badala ya kuchukua takwimu za Ulaya na kuzibandika Giriama.

Mashine zinazojifunza zilikuja na ahadi nyingine: ya kwamba hapana haja ya kumwuliza mtu, kwa kuwa mtu huacha nyayo. Kila apigapo simu, kila atumapo pesa, kila atafutapo neno katika intaneti, huacha alama, na mashine ikipewa alama za kutosha huona ndani yake kanuni ambazo mwenyewe hajui kuwa anazifuata. Katika tasnifu za siku hizi ahadi hiyo huja kwa njia mbalimbali. Wengine huuacha mlinganyo wa Kermack na McKendrick kama ulivyo, ila pale palipokuwa na namba isiyobadilika ya makutano huingiza mtandao wa neva unaojifunza namba hiyo kutoka katika takwimu, siku kwa siku. Wengine huunda mji mzima wa watu wa kubuni ndani ya kompyuta, na kila mmoja wao hufunzwa kwa tuzo na adhabu mpaka ajue lini atoke na lini ajifungie. Wengine huenda kinyumenyume: huyatazama matendo ya watu na kuitaka mashine ikisie ni tuzo gani waliyokuwa wakiifuata. Na kuna mtindo mpya zaidi, wa kuziomba mashine zinazoandika zijifanye watu, kisha ziulizwe wangefanya nini. Juu ya huu nitarudi, kwa kuwa una hatari yake mahsusi.

Ahadi ilikwisha kuvunjika mara moja hadharani. Google ilianzisha mwaka 2008 mtambo wa kubashiri mafua kwa maneno ambayo watu huyatafuta katika intaneti, na kwa muda ulisifiwa kote. Katika msimu wa 2012 na 2013 ukakadiria ziara za wagonjwa kwa zaidi ya maradufu ya zile zilizoandikwa na madaktari, na mwaka 2015 ukafungwa. Mashine ilikuwa imejifunza watu wanaozungumza habari za mafua, wakiwamo wengi waliokuwa wazima.

Ama Kenya, ina fahari ya kuwa chimbuko la mojawapo ya kazi mashuhuri kabisa katika uwanja huu. Mwaka 2012 Amy Wesolowski, wakati huo akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na Caroline Buckee, Abdisalan Noor, Robert Snow na wengineo, walitangaza katika jarida la Science utafiti uliofuata nyayo za simu karibu milioni 15 za Wakenya, kutoka Juni 2008 hadi Juni 2009, kupitia minara 11,920, wakazilinganisha na ramani ya malaria, wakaonyesha jinsi vimelea vinavyosafirishwa ndani ya miili ya wasafiri kutoka kandokando ya Ziwa Viktoria kwenda Nairobi na kwingineko. Hakuna sensa iliyowahi kuonyesha jambo hilo kwa uwazi ule. Na watafiti hao, kwa insafu yao, walijiuliza wenyewe swali ambalo mpinzani angewauliza: wenye simu ni nani? Walipochunguza wakaona kuwa mwenye simu aghalabu alikuwa mwanamume, mwenye elimu, mkazi wa mjini, na kwamba mashambani watu wengi hushirikiana simu moja. Walipoyapima makadirio yao ya safari kwa kuzingatia upungufu huo, wakakuta kwamba kwa jumla yanasimama.

Kwa jumla, naam; na kwa nchi nzima jibu hilo latosha. Lakini nyayo za Leparua katika bahari ile ya simu milioni 15 ni tone, na tone hilo ni la mzee mwenye simu aliyebaki bomani au la kijana aliyekwenda mjini kuuza mbuzi, ilhali mchungaji aliye na mifugo malishoni, ambaye ndiye maradhi ya mifugo humwanza, hayumo. Hata hivyo sitaki kulifanya suala hili kuwa la uhaba wa takwimu peke yake, kama wafanyavyo wengi, maana uhaba huponywa kwa minara na kwa fedha. Lipo jambo zito zaidi, nalo ni maana ya tendo.

Katika karibu modeli zote za miaka ya korona, kutembea kulihesabiwa kuwa hatari na kukaa kuwa salama. Serikali ya Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, kisha amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi, kisha kufungwa kwa Nairobi mwezi wa Aprili, watafiti walitazama takwimu za mwendo wa simu zikishuka na kusema: watu wametii. Kwa maradhi yanayopita katika pumzi za watu mjini, mantiki hiyo ni sahihi. Sasa itie mashine iliyofunzwa kwa takwimu hizo katika nyika, halafu uilete homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu ni wa kwetu kwa kuzaliwa: ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kuangamiza kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes huweza kukaa miaka ndani ya udongo mkavu wa mabonde, mengine yakiwa yamekwisha kuambukizwa na mama zao. Mvua kubwa ikinyesha na maji yakatuama, mbu huangua kwa makundi, huuma mifugo, kondoo na mbuzi huharibu mimba kwa wingi kwa usiku mmoja, na wanadamu huupata kwa kuumwa na mbu au, zaidi, kwa kushika damu na nyama na mimba zilizoharibika, na yamkini kwa kunywa maziwa mabichi. Katika hali hiyo, mfugaji anayeswaga mifugo yake kutoka mabondeni kwenda miinuko mikavu anafanya jambo la busara kabisa, na anayebaki mahali pake, ambaye mashine ingemtia katika fungu la watiifu, ndiye aliyemo hatarini. Kwa mfugaji, kuhama ni dawa ya kale: Wamaasai huwatenga ng'ombe wao na mbuga ambamo nyumbu wanazaa, kwa kujua kwamba huko hupatikana ugonjwa unaowaua ng'ombe, na walilijua hilo muda mrefu kabla ya virusi vyake kuonekana maabara. Lakini kuhama huko huko, wakati wa ukame, makundi yanapokusanyika penye kisima kimoja, huwa njia ya kueneza sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu ya ng'ombe. Tendo ni moja, na alama yake katika hesabu mara ni ya kuongeza, mara ni ya kutoa, kwa kutegemea mvua, ugonjwa, na nani mwingine amefika pale kisimani. Mwanafunzi wa uzamivu ambaye modeli yake haiwezi kupindua alama hiyo, hata awe na takwimu za kila simu ya nchi, atatoa nasaha mbaya Leparua, na ataitoa kwa yakini.

Wala haya si mambo ya kufikirika kwa Isiolo. Mwezi wa Novemba 2020 wachungaji walianza kuugua na kufa katika upande wa Garbatulla, sehemu za Sericho na jirani zake, na mwezi wa Desemba maabara ya KEMRI ikathibitisha kuwa ni homa ya Bonde la Ufa. Kufikia mwanzoni mwa Februari 2021, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandikiwa wagonjwa 32 na vifo 11 katika kaunti za Isiolo, Mandera, Murang'a na Garissa, wengi wa wagonjwa hao wakiwa wachungaji. Nchi nzima wakati huo ilikuwa ikitazama korona.

Hapa hujitokeza kikwazo cha hesabu tupu, ambacho nashangaa ni tasnifu chache zinazokikabili uso kwa uso. Mashine hujifunza kwa mifano mingi. Homa ya Bonde la Ufa imeishukia Kenya kwa ukubwa mwaka 1997 na 1998, mwaka 2006 na 2007, mwaka 2018 na mwaka 2020 na 2021. Hiyo ni mifano minne kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mmoja na serikali yake, na barabara zake, na simu zake: katika mlipuko wa kwanza hapakuwa na simu za mkononi kaskazini, na kabla ya ule wa tatu lami ilikwisha kufika kutoka Isiolo hadi Moyale. Shahada ya uzamivu huchukua miaka mitatu au minne. Mwanafunzi huenda akamaliza na asione mlipuko hata mmoja, na mashine aliyoilisha mifano minne huikariri kama mwanafunzi wa chuo anavyokariri asichokielewa, kisha hubashiri kwamba mlipuko wa tano utafanana na wa nne.

Watakaojibu kwamba mifano yaweza kuongezwa kwa kutumia ripoti za kila siku, za mifugo iliyokufa na wagonjwa waliofika zahanati, nawaomba waitazame historia ya mahali penyewe. Isiolo ilikuwa kituo cha karantini ya mifugo wakati wa ukoloni: ng'ombe wa kaskazini walizuiwa pale kabla ya kuruhusiwa kushuka kwenye mashamba ya walowezi na masoko ya kusini, kwa hoja ya maradhi, na hoja hiyo, kwa kadiri ilivyokuwa ya kweli, vile vile iliwakinga walowezi na ushindani wa nyama ya bei nafuu. Sheria ya Wilaya za Mbali ya mwaka 1902 na ile ya Wilaya Maalumu ya mwaka 1934 ziliwafunga watu wenyewe, wasitoke wala wasiingiliwe bila ya kibali. Tangu hapo mfugaji amejifunza, bila ya mashine yoyote, kwamba kutangaza ugonjwa ni kufungiwa soko. Na somo hilo halijapitwa na wakati, maana katika mlipuko wa 2006 na 2007 serikali ilipiga marufuku uchinjaji na kufunga soko la mifugo la Garissa, jambo lililokuwa na sababu zake za afya, lakini lililomwacha mwenye mbuzi bila ya njia ya kununua sukari. Basi ripoti ya ugonjwa ni tabia kama tabia nyingine: ina faida yake, ina gharama yake, na hutolewa au hufichwa kwa kuzingatia hayo. Mashine inayolishwa ripoti hujifunza kwanza lini watu huona ni salama kusema, na ugonjwa wenyewe huujua kwa mbali.

Jambo la namna hii, la tendo kuonekana na sababu yake kujificha, ndilo kiini cha taabu yote, na mfano mzuri kabisa wa kulitatua umetoka Kenya, tena kwa njia isiyokuwa na makeke ya akili mnemba. Mwaka 2021 Samuel Brand, John Ojal na wenzao wa Kilifi na wa Chuo Kikuu cha Warwick walitaka kueleza kwa nini korona ilikuja Kenya kwa mawimbi yaliyotengana. Waliwagawa watu kwa hali ya maisha, wenye uwezo na wasio nao, na mawimbi mawili ya kwanza yakaeleweka kwa tofauti ya makutano baina ya mafungu hayo: masikini wa mijini hawakuweza kukaa nyumbani kwa muda mrefu, wakaambukizwa mapema, wenye uwezo walijizuia, wakafikiwa baadaye. Mashine ambayo ingeona tu kwamba mtu ametoka ingemwandika kuwa hakujali. Aliyetoka kwa kutojali huhitaji kuhubiriwa, na aliyetoka kwa njaa huhitaji kulishwa. Serikali inayowachanganya hawa wawili itatumia rungu mahali pa unga.

Na kuna sababu ya tatu ya kukataa, mbali na kutojali na kutoweza, nayo ni kutoamini. Mwezi wa Septemba 2018, wakati Ebola ilipokuwa imeingia Kivu ya Kaskazini, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck waliwauliza watu wazima 961 wa miji ya Beni na Butembo; asilimia 25.5 walisema Ebola haipo, na ni asilimia 31.9 tu waliokuwa na imani na viongozi wa mahali pao. Miezi mitatu baadaye uchaguzi wa rais ukaahirishwa katika miji hiyo kwa kisingizio au kwa sababu ya Ebola na usalama, na hata mtu mwenye akili tulivu angeweza kuuliza ni ugonjwa gani huu unaozuia kura na usizuie soko. Mlipuko ule ulidumu hadi Juni 2020, ukapata watu 3,470 na kuua 2,287, ingawa chanjo ilikuwapo tangu mwanzo. Imani hiyo ingepimwaje kwa nyayo za simu? Hupatikana kwa kuulizwa, na kwa muulizaji ambaye mwenyewe anaaminika.

Kwa sababu hiyo nauogopa ule mtindo mpya nilioutaja, wa kuiambia mashine inayoandika ijifanye mfugaji wa Isiolo na kuiuliza kama angechinja mbuzi mgonjwa. Itajibu bila ya kusita, kwa sentensi nzuri. Lakini imesoma nini juu ya mfugaji huyo? Imesoma taarifa za mashirika ya misaada, hotuba za mawaziri na habari za ukame na wizi wa mifugo. Maneno ambayo watu wa Leparua wameyasema wenyewe kwa wenyewe, kwa Kimaa au Kiturkana au Kiborana, hayakuandikwa mahali ilipoweza kuyasoma. Mwanafunzi atakayechukua majibu hayo na kuyaita takwimu atakuwa amewahoji waandishi wa ripoti.

Kinyume cha hayo kimekwisha kufanyika, na kilifanikiwa kupita kiasi. Sotoka ya ng'ombe, iliyofagia mifugo ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, ilitangazwa kutokomea duniani mwaka 2011, na mahali ilipoonekana kwa mara ya mwisho, mwaka 2001, palikuwa ni Mbuga ya Meru, jirani kabisa na Isiolo. Chanjo ilitengenezwa Muguga na Walter Plowright, na baadaye ikafanywa iweze kustahimili joto. Lakini katika nyika zisizo na barabara aliyeifikisha ni mfugaji aliyefunzwa, na waliosema ugonjwa umejificha wapi ni wafugaji wenzake. Jeffrey Mariner na wenzake walikwenda mbali zaidi: waliwahoji wafugaji wa Sudani ya Kusini na wa Somalia juu ya miaka waliyoiona sotoka, rika gani za ng'ombe zilikufa na zipi zilipona, na kutokana na majibu hayo wakapata namba za kutia katika milinganyo ile ile ya mwaka 1927. Kumbukumbu ya wazee iliingia katika hesabu ikiwa na hadhi ya kipimo.

Na baada ya homa ya 2006 na 2007 ilidhihirika tena kuwa wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki walikuwa wamekwisha kuifungamanisha mvua isiyo ya kawaida na makundi ya mbu na hatari ya ugonjwa. Kwa maelezo yao watafiti waliweza kukadiria kwamba tangu mvua kubwa kuanza hadi mbu kutanda zilipita kama siku 24, tangu mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua kama siku 17, na tangu mnyama hadi mtu kama siku 17 au 18. Setilaiti za Marekani nazo zilikuwa zimetoa onyo majuma 2 hadi 6 kabla ya wagonjwa wa kwanza. Onyo lilikuwapo mbinguni, lilikuwapo ardhini, na chanjo ya mifugo ikaanza Januari 2007, wagonjwa wakiwa wamekwisha kuanza kufa. Hatimaye Kenya ikahesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Sijui kama kuna modeli ya tabia ya wafugaji ambayo ingepunguza idadi hiyo kuliko modeli ya tabia ya ofisi zilizopokea onyo, na namsihi mtafiti mmoja aichukue hiyo ya pili kuwa tasnifu yake.

Kwa atakayebaki na wafugaji, kazi ipo na ni nyingi. Itambidi aanze na maamuzi wanayoyafanya wao, kuhama au kubaki, kuchinja au kuzika, kuuza haraka au kungoja, kuchemsha maziwa ya ngamia au kuyapeleka mjini Isiolo yalivyo ili yawahi lori la Nairobi, badala ya kuanza na maamuzi yaliyomo katika takwimu za Google. Itambidi aombe ruhusa: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 yamlazimu, na hata lau isingemlazimu, ramani ya mahali mifugo ilipo, katika nchi yenye wizi wa mifugo, ni silaha ikiangukia mikono mibaya, kwa hiyo ridhaa ya mzee mmoja kwa niaba ya wote haitoshi. Itambidi aitumie mashine kwa kile inachokiweza, ambacho si haba: kuunganisha picha za setilaiti za majani na maji na maelezo ya watu, kuonyesha ni katika hali gani kuhama hugeuka kutoka dawa kuwa hatari, na kukiri ukubwa wa shaka yake pale mifano ni minne. Kisha, mvua kubwa zikija, awe na namna ya kulinganisha bashiri yake na siku zile 24 na 17, aone kama mtu wa Leparua alilipata onyo hilo kabla ya mbu au baada, na kutoka kwa nani. Hilo ndilo swali ambalo wasahihishaji wa tasnifu, kwa mazoea ya vyuo vyetu, huwa hawaliulizi, kwa kuwa kufikia hapo mwanafunzi amekwisha kuvaa joho.